Mkaazi wa Nyinginezo Aomba Mfumo Ufungwe Tena

Mwanamize Ame Shaame,
Kitongoji cha Mchangamawe,
Wingwi, Wilaya ya Micheweni,
Pemba.
Jumatatu.

Ndugu Mkurugenzi,
Idara ya Mifumo Iliyo Wazi kwa Umma.

YAH: OMBI LA KUUFUNGA TENA MFUMO WA BARUA ZA SHEHIA

Ndugu Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watumishi wote wa Idara yako, hata yule aliyepewa kazi ya kupitia michango ya wananchi, ambaye nimeanza kumwombea dua kwa sababu nahisi anaumwa.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Si msemaji. Mama huniambia, "Weye hata nyumba ikiwaka moto utangoja uulizwe." Kwa hiyo ujue kwamba mpaka nimeshika kalamu kumwandikia mtu mkubwa kama wewe, jambo limenifika shingoni.

Naomba uufunge Mfumo wa Barua za Shehia. Uufunge kama ulivyokuwa zamani, wakati hakuna mtu aliyejua mna nini ndani yake, na sote tulikuwa tukiishi kwa amani. Sababu zangu nitazipanga kwa nambari, lakini kwanza nieleze tulivyofika hapa.

Miezi miwili iliyopita Idara yako iliita mkutano katika ukumbi mmoja Wete. Mwalimu Pandu, aliyenisomesha kompyuta, alinichagua niende kwa sababu skuli ndimi niliyekuwa nikiweka ufunguo wa chumba cha kompyuta, na kwa sababu, alisema, "Wewe angalau hutatutia aibu kwa kusema sana." Afisa aliyetoka Unguja alipanda jukwaani akatwambia kwamba Serikali imeamua kuufungua Mfumo. Kila kilichoandikwa ndani yake, kila amri inayoiambia kompyuta ifanye hivi au vile, sasa kiko mtandaoni. Mtu yeyote anaweza kukisoma, na akiona kosa anaweza kutuma marekebisho. "Kuanzia leo," alisema, "Mfumo huu si wa Serikali. Ni wenu." Tulipiga makofi. Tulipewa soda na fulana. Yangu ilikuwa kubwa, mama anaivaa kulimia.

Mimi nilimwamini. Hilo ndilo kosa langu na nalikiri mapema.

Shida yangu ni hii. Nimepata nafasi katika chuo kimoja Chake Chake, nisomee kazi hiyohiyo ya kompyuta. Chuo kinataka barua ya sheha ya kuthibitisha ninapoishi, na siku hizi barua ya mkono haipokelewi, lazima itoke kwenye Mfumo. Ukiomba barua, Mfumo unakuuliza unaishi kitongoji gani, halafu unakupa orodha uchague. Vitongoji vyote vya jirani vimo, hata kimoja ambacho watu walishahama wakabaki ng'ombe. Mchangamawe haimo. Chini kabisa ya orodha pana neno "Nyinginezo". Nikalichagua hilo, nikapata barua nzuri yenye nembo, inayosema: "Inathibitishwa kuwa Mwanamize Ame Shaame ni mkaazi wa kudumu wa Nyinginezo."

Chuo wakaikataa. Karani alinitazama kwa huruma akaniuliza, "Bi mdogo, Nyinginezo iko wilaya gani?" Mwisho wa kupeleka barua iliyo sawa ni Alhamisi hii. Baada ya hapo nafasi yangu atapewa anayenifuata kwenye orodha, na mimi nitangoja mwaka mwengine, kama utakuwepo.

Nikafanya kama tulivyofundishwa. Niliingia ndani ya Mfumo kwa simu ya mama, nikaitafuta ile orodha siku mbili, nikaiona, nikaongeza mstari mmoja wenye neno moja: Mchangamawe. Nikautuma. Mfumo ukanijibu hapohapo: "Asante kwa mchango wako. Unapitiwa." Leo ni siku ya arubaini na saba na bado unapitiwa. Posa ya dada yangu ilipitiwa na wazee wa pande mbili kwa alasiri moja, na palikuwa na ugomvi.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mmeita watu kazini na nyinyi wenyewe hamkuja.

Huku kwetu nyumba ikitaka kuezekwa, mwenye nyumba hupita mlango kwa mlango kuwaalika watu. Siku ya kazi yeye ndiye wa kwanza kuamka. Watu wakifika wakimkuta kalala, makuti huwekwa chini, kila mtu hurudi kwake, na jina la mtu huyo haliponi haraka. Nyinyi mmetuita kwa kipaza sauti, kwa bango na kwa fulana. Tumefika, hatukuona mtu. Nimeandika mara sita kuuliza kama kuna yeyote humo ndani. Mara zote sita nilijibiwa na mashine, na mara ya sita ikaniomba niipe nyota kwa huduma nzuri. Niliipa nne. Naona haya kumpa mtu chini ya hapo.

2. Mmeita watu kazini na hamkuweka sufuria motoni.

Mwalimu Pandu aliniambia ni wajibu wangu kuwaeleza wanakijiji niliyoyasikia Wete. Kwa kuwa siwezi kusimama mbele za watu, niliandika karatasi, na sheha wetu, Mzee Bakar, akaisoma nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Usidhani watu hawakuelewa. Walielewa vizuri sana kwamba ni kazi ya kompyuta. Lakini kazi ya pamoja ni kazi ya pamoja, ina kanuni zake, na kanuni hazibadiliki kwa sababu kazi imehamia kwenye simu. Kanuni ya kwanza ni kwamba aliyeita hulisha.

Jumamosi asubuhi watu thelathini na mmoja walikuja uani kwetu, kila mtu na mchango wake kichwani, wakakaa kwenye majamvi. Walitoa maoni mpaka adhuhuri. Halafu wote kwa pamoja wakatazama upande wa jikoni. Mama akaelewa, akakamata mbuzi akaanza kukuna nazi. Tulipika muhogo wa nazi na dagaa kwa watu thelathini na mmoja kwa niaba ya Serikali. Jirani yetu, Bi Saada, alipomaliza sahani yake alisema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Serikali hino chumvi haina." Tangu siku ile mama hanisemeshi vizuri, kwa sababu mkono uliotia chumvi ulikuwa wake.

3. Hamkutufundisha kukataa.

Kwenye kuezeka, mtu akija na kuti bovu hutamwambia ni bovu. Utalifunga, hata kama ni juu ya banda la kuku. Mchango wa mtu haurudishwi. Basi na mimi, ambaye skuli nilikuwa nikinyang'anywa kiti nikasema asante, niliambiwa nikae na simu niandike ya kila mmoja. Nikaandika.

Mzee Yussuf ana minazi mitatu iliyosimama kwenye kiwanja cha Bi Saada. Kiwanja ni cha Bi Saada, minazi ni ya Mzee Yussuf, na imekuwa hivyo tangu babu zao. Mfumo una kisanduku kimoja tu cha mwenye mali. Mzee Yussuf akataka kiwe viwili. Bi Saada akasema, "Sawa, minazi yake, kiwanja changu. Na kivuli je? Kivuli n'cha nani?" Mzee Yussuf akamjibu, "Kivuli chatembea, mama. Asubuhi changu, jioni chako." Nikaandika visanduku vitatu, na cha tatu nikakiwekea saa.

Mwengine alitaka jina la mtu lisiandikwe pale sheha anapogonga muhuri, kwa kuwa barua zote za ukoo wao zinathibitisha kuwepo kwa wino. Bibi mmoja alitaka barua ianze kwa salamu kabla ya kuthibitisha chochote, kwa sababu barua isiyo na salamu ni ya polisi. Mzee Bakar mwenyewe, sheha, alingoja watu wapungue akaninong'oneza wa kwake: Mfumo usimpigie simu Jumamosi. Ilikuwa Jumamosi.

Jumla ni michango sitini na mitatu na yote imetumwa kwa jina langu. Nadhani Idarani kwako nimeshajulikana kama mwanamke mwenye maoni sitini na matatu. Ndugu Mkurugenzi, maisha yangu yote sijawahi kuwa na zaidi ya mawili, na hayo sikumwambia mtu.

4. Mmekula zamu na hamjailipa.

Kazi ya pamoja ni leo kwako, kesho kwangu. Sisi ya kwenu tumeshaifanya. Sasa watu wanauliza nyinyi mnakuja lini. Bi Saada alinifuata mpaka kisimani akaniambia, "Mwambie huyo mkubwa wako, miye shamba langu la muhogo limejaa magugu. Aje na watu wake Jumamosi. Na majembe waje nayo, miye sina ya kuazima." Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Serikali haipalilii. Akashika kiuno. "Alaa! Kuitika kwa watu haijui, kuita ndo yajua?"

Nimekuambatanishia orodha ya nyumba kumi na moja zinazokungojeni, kwa mpangilio wa zamu. Mzee Yussuf hataki kulimiwa. Yeye anataka uje kwake tu, wakati wa masika, kwa njia ileile tunayopita sisi. "Asifanye kitu," alisema. "Akifika kwa miguu yake na viatu vyote viwili, miye nimeridhika."

5. Uwazi wenu unaambukiza.

Hili ndilo linalonitia hofu zaidi, na nalisema kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu. Mtu akishaona ndani ya kitu kimoja hawezi tena kuridhika na nje ya vyengine.

Tuna bomba moja la maji. Ufunguo wake anauweka Mzee Abrahman, mwenyekiti wa kamati, na zamu za nyumba zote ameziweka kichwani mwake kwa miaka tisa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Wiki tatu zilizopita wanawake walimzunguka. "Serikali nzima imefungua, weye zamu za maji wazificha kwa lipi? Au na weye una siri za nchi?" Mzee wa watu akachukua mkaa akaziandika ukutani. Ikaonekana kwamba nyumba yake ina zamu mbili kwa siku na yetu ina moja kwa siku mbili. Alisema hata yeye anashangaa. Wakazifuta, wakazipanga upya, na kabla ya alasiri kila mtu amekubali. Hakuna aliyepitiwa siku arubaini na saba.

Matokeo yake ni mabaya. Zamani nilikuwa nikienda kisimani peke yangu saa ambazo hakuna mtu, nikarudi sijasalimia hata mmoja. Sasa nyumba yetu ina zamu ya bomba kila siku saa mbili asubuhi, wakati wanawake wote wapo. Nasalimia watu kumi na saba kabla ya kunywa chai.

Nyumbani nako si salama. Wadogo zangu walimwambia mama kwamba mapishi ya nyumba yawe wazi na kila mtu apendekeze. Mama akawajibu, "Mchango wenu wapitiwa," na mpaka leo tunakula muhogo. Hapo nilielewa kwamba mama angeweza kuwa Mkurugenzi.

Na Mzee Bakar, sheha wetu, amekonda. Alikuja akakaa barazani kwetu, akaniambia, "Mwanangu, miaka kumi na minne miye ndiye nilikuwa mfumo. Mtu akitaka barua namwuliza babu yake nani, namwandikia, namgongea muhuri, anakwenda. Hakuna aliyetaka kuona mna nini ndani yangu." Nikamuuliza kama alipata kuikosea barua. Akasema alipata kumthibitisha mtu mmoja kuwa ni ndugu yake mwenyewe. Lakini Mchangamawe, alisema, hakuisahau hata siku moja.

Ndugu Mkurugenzi, wewe ni msomi na mwelekeo unauona. Leo ni zamu za maji. Kesho mtu atataka kuona daftari la nani alipewa mbegu na nani aliambiwa zimekwisha. Keshokutwa atauliza barabara ilipitiwa na nani. Mtu asiyeona jinsi kitu kinavyofanya kazi hana la kusahihisha, na asiye na la kusahihisha hulala mapema, na nchi iliyolala mapema haina kelele. Mlikuwa na nchi kama hiyo na mmeiamsha wenyewe.

6. Nimepata rafiki.

Lalamiko hili nimeliweka mwisho kwa sababu ni gumu kwangu kuliandika.

Wiki ya tatu tangu nitume mstari wangu, mtu nisiyemjua aliandika chini yake. Jina lake Alefiya. Baba yake, Bwana Juzer, ana duka la misumari na bawaba Wete. Alefiya alikuwa ameingia kwenye Mfumo kwa ajili ya bibi yake, Bi Sugra. Fomu inamuuliza Bi Sugra alihamia Wete mwaka gani. Bibi amezaliwa Wete, na mama yake kazaliwa Wete. Lakini ukijaza mwaka wa kuhamia ulio sawa na mwaka wa kuzaliwa, Mfumo unaandika kwa wekundu: "Kosa. Jaribu tena." Bi Sugra amejaribu tena kwa miaka sabini na sita.

Alefiya aliniambia kwamba mstari wangu una nafasi tupu mwisho wake na ungeivunja orodha nzima. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikatazama, nikaona kweli. Nikaondoa nafasi, halafu nikatazama marekebisho yake yeye, nikaona kwamba yangemruhusu Bi Sugra kuhamia Wete kabla hajazaliwa. Nikamwandikia. Akanijibu, "Lo! Bibi atafurahi, daima anasema alifika mapema." Tangu hapo tunasahihishana kila alasiri. Yeye ananitangulizia "pole" kabla ya kila kosa. Mimi namwambia "samahani" baada ya kila kosa. Sijapata kumwona. Hajui kwamba mimi si msemaji, kwa sababu kwa maandishi nasema sana.

Juzi nilicheka peke yangu ukumbini. Mama akauliza, "Wacheka na nani?" Nikasema, na Serikali. Akaja akaniwekea kiganja kipajini.

Nalalamika kwa sababu zamani, jambo langu likiharibika, liliharibika kimya. Nilikuwa nalala nalo, asubuhi naamka nafagia. Sasa ikifika Ijumaa na nafasi yangu amepewa mtu mwengine, kuna mtu Wete itabidi nimwambie. Tena ataniuliza ilikuwaje, na atataka kujua kwa kweli. Mambo hayo hayakutajwa kwenye bango lenu.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo:

Kwanza, Mfumo ufungwe kabla ya Alhamisi na sheha arudishiwe kalamu yake. Yeye anajua Mchangamawe ilipo, alipata kuanguka na baiskeli hapo.

Pili, itolewe amri kwa wale wote tulioona ndani yake kwamba tusahau. Nitaanza mimi, ingawa orodha ya vitongoji naijua kwa moyo.

Tatu, kama kusahau hakuwezekani, basi Idara ifungue tawi Wingwi lenye mtu mmoja tu ndani, hai, wa kusema "ndiyo" au "hapana". Hata akisema hapana kila siku tutamshukuru, na Bi Saada atampa la kufanya.

Nne, endapo kufunga Mfumo hakutatosha kuwarudisha watu wa hapa walivyokuwa, naomba ukuta wa Mzee Abrahman upakwe chokaa kwa gharama yoyote.

Sina la ziada, na hata hili nimejishangaa. Nisalimie Naibu wako, makarani, dereva, na yule afisa wa jukwaani, mwambie fulana bado inafanya kazi. Mama anakusalimu kwa shingo upande. Mzee Bakar anakusalimu na anauliza kama Jumamosi imezingatiwa. Mzee Yussuf anakusalimu na kukukumbusha masika. Bi Saada hakukusalimu, amesema mtaonana shambani. Mimi nakutakia kheri na wepesi wa kazi, kama ipo.

Mwananchi wako aliyeitika,
Mwanamize Ame Shaame.

Tanbihi. Jumatano, alasiri.

Ndugu Mkurugenzi, barua ya juu niliimaliza juzi, nikashindwa kuituma. Sanduku la malalamiko la Mfumo linapokea herufi mia tatu tu. Liliikata barua yangu pale ninapomwombea dua mtumishi wako, na nikaona haitakuwa na maana nzuri. Kwa hiyo nilitengeneza marekebisho ya kulirefusha sanduku, nikamwomba Alefiya ayatazame.

Ili kuyatazama alisoma mwongozo wa wachangiaji mpaka ukurasa wa mwisho, ambao mimi sikuufikia kwa sababu bando lilikwisha. Ukurasa wa mwisho unasema kwamba mchango mdogo ukithibitishwa na mchangiaji mwengine kutoka shehia tofauti, unaingia kwenye Mfumo siku hiyohiyo bila kuingoja Idara. Chini ya kila mchango kipo kitufe kilichoandikwa "Thibitisha". Nilikuwa nakiona kila siku chini ya mchango wa Alefiya. Nilidhani ni cha wakubwa. Nikamuuliza yeye kama alikiona chini ya wangu. Akasema alikiona tangu siku ya kwanza, lakini si adabu mtu kuingia mbele ya waliomzidi, akawa anangoja mkubwa aanze. Siku ishirini na sita kila mmoja wetu alikuwa ameweka kidole pembeni kwa heshima.

Akabonyeza cha kwangu. Nikabonyeza cha kwake. Mchangamawe imeingia, na sanduku limerefuka. Bi Sugra amekubaliwa kuzaliwa Wete.

Asubuhi hii nilikwenda Wete kuichapisha barua yangu mpya ya sheha dukani kwa Bwana Juzer, ambako pana printa ya ankara. Alefiya alikuwa nyuma ya meza. Ni mfupi kuliko anavyoandika. Nilisimama, naye akasimama, mpaka Bwana Juzer akaweka chini kopo la misumari. "Kutwa mnaandikiana mpaka simu zinapata moto," alisema, "leo mmekuwa mabubu? Haya, semeni Thibitisha!" Tukacheka wote wawili, na kumbe na yeye si msemaji.

Barua inasema mimi ni mkaazi wa kudumu wa Mchangamawe. Nimeiweka ndani ya msahafu wa mama isikunjike, na kesho alfajiri naipeleka Chake Chake kwa mkono wangu.

Hii ya malalamiko nimekutumia hata hivyo, kwa sababu tulitaka kujaribu kama sanduku jipya litaibeba yote. Kama umesoma mpaka hapa, limebeba. Nakuomba usiufunge Mfumo. Katika ile michango sitini na mitatu kuna makosa yangu mengi ambayo hakuna mwengine anayeyajua yalipo, na Alefiya amesema tuanze Jumamosi.